Mlango wa Saba Kuanzia Wapi

Watu wa ghorofa yetu hapa Gatina wanaamini kwamba mimi hutengeneza simu. Nimekanusha mpaka nikachoka. Mama wa nyumba ya chini akiniletea simu iliyotumbukia kwenye sufuria ya maharagwe, naipokea, naizika ndani ya mchele, inawaka yenyewe, na sifa zangu zinapanda ngazi hadi juu kabisa. Ukweli ni kwamba simu siijui. Kazi yangu ni kuandika programu za memori, tena si memori yoyote, bali ile isiyosahau.

Nieleze kidogo, maana hata mama yangu alielewa, na yeye hana subira. Memori ya kawaida ya kompyuta ni kama mlevi: stima ikipotea, haikumbuki neno. Hizi kadi zetu, ambazo huchomekwa ndani ya kompyuta kubwa za kuhifadhi mambo ya watu, stima ikipotea na kurudi huendelea pale pale zilipoachia. Lakini kila kitu huzeeka. Kadi ina vyumba vingi sana, na vingine huoza. Chumba kikioza, kadi yenyewe ina uungwana wa kutoa taarifa kwamba kuna ubovu kwenye anwani fulani. Programu yangu huipokea taarifa hiyo na kukifunga chumba, kisiwekwe kitu tena humo.

"Yaani wewe ni keateka," mama aliniambia siku nilipomweleza. Keateka ni yule mtu anayeangalia ploti ya kupangisha, mwenye funguo na maneno mengi.

"Si hivyo hasa, mama."

"Nyumba ikivuja, unafunga."

"Ndiyo."

"Basi ni hiyo. Na ukasoma miaka yote hiyo, mama?"

Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mamake. Akitaka kunidharau kidogo hulitia chumvi, na siku hiyo alilitia.

Wakati huo yeye alikuwa akiuza uji Gatwekera, ndani ya Kibera, na kuishi huko huko kwenye ploti ya udongo na mabati iliyo nyuma ya kanisa dogo la kijani. Ploti yenyewe ilikuwa safu moja ndefu ya milango kumi inayofanana. Mwisho mmoja wa safu ulitokea barabarani, mwisho wa pili ulikuwa na bomba la maji. Mwenye kuijua ploti hiyo hahitaji kuielewa, na asiyeijua hawezi. Nilikuwa nimemwomba mama ahamie kwangu tangu nilipopata nyumba yenye chumba cha pili, na kila nikimwomba alikuwa na jibu lile lile.

"Nikihama, atanipata wapi?"

Anayezungumziwa ni kaka yangu. Baba alipofariki tulimzika nyumbani, huko Magharibi, na kaka alifika wakati udongo umesharudishwa. Sababu alikuwa nayo, lakini hakuna aliyeisikiliza. Mama akiwa na kanga ya msiba kichwani alimwambia mbele ya watu asikanyage tena mlango wake. Kaka akageuka na mkoba wake akaenda, na kwa muda mrefu hatukumsikia.

Hasira ya mama ni kubwa lakini haina mizizi. Ilipokwisha, alitaka kumwita, ila mama yangu neno "samahani" halimo kinywani mwake. Alichofanya ni kumtuma dereva mmoja wa lori, mtu wa kijijini kwetu, ambaye alikuwa akikutana na kaka mara moja moja. Alimwambia hivi: "Mwambie nilihama ile nyumba ya zamani. Niko Gatwekera, ile ploti ya nyuma ya kanisa la kijani. Mlango wa saba." Hakuongeza kitu. Sisi tunaomjua tulielewa kwamba hapo ameomba msamaha na kutoa msamaha kwa pamoja. Mtu uliyemkataza mlango wako, ukimtumia namba ya mlango, umebakiza nini?

Ujumbe ulifika. Dereva aliapa kwamba ulifika, na kaka aliurudia maneno kwa maneno. Mama akangoja. Kaka hakuja. Mvua zikaja na kupita, dereva akahamishiwa njia ya Mombasa tukapotezana naye, na mama akaamua moyoni kwamba mwanawe amekataa. Lakini hakutoka kwenye mlango wa saba, maana huenda siku moja angebadilisha nia, na huo ndio mlango pekee aliokuwa nao kichwani. Paa lilikuwa halivuji bado, mama alisema, na mwenye miguu atakuja. Mimi nilikuwa nimemkasirikia kaka kiasi kwamba nikiosha vyombo nikamkumbuka, sahani zilijua.

Mwaka jana, masika yakikaribia, nilikuwa ningali kwenye kipindi cha majaribio kazini. Nilikuwa nimeipenda ile kazi, na kwa tabia yangu kitu nikikipenda hugombana nacho. Niligombana na kitabu. Kila aina ya kadi hutengenezwa kwa kufuata kitabu cha maelezo ambacho sisi wa kazi hiyo hukiita speki, na cha kwetu ni kinene, kimeandikwa na kamati ya watu ambao nina hakika hawakuwa wakisalimiana. Katikati yake mlikuwa na maagizo ya jinsi kadi inavyopaswa kutoa taarifa ya ubovu. Nikiyaweka kwa lugha yetu, yalisema kwamba anwani ya chumba kibovu ihesabiwe kutoka mwanzo wa eneo.

Haya. Eneo lipi? Ndani ya kompyuta moja kadi hukaa kadhaa, zimepangwa foleni. Kompyuta huzitazama zote kama eneo moja refu, lakini kila kadi nayo ina eneo lake, lenye mwanzo wake na mwisho wake. Kadi ya pili ikisema chumba cha arubaini kimeoza, je, ni cha arubaini ndani yake yenyewe, au cha arubaini ukihesabu kuanzia kichwa cha foleni nzima? Ukikosea, unafunga chumba kizima kwenye kadi isiyo na hatia, na kile kibovu unakiacha wazi. Watu wataendelea kuwekewa vitu vyao humo, na siku wakivihitaji hawatavipata. Kitabu kilikaa kimya, kama mtu aliyekuambia "tukutane pale" kisha akazima simu.

Mwenzangu wa meza ya pili, mwanamume anayesoma speki kwa sauti ya kusoma Zaburi, alishikilia kwamba ni eneo la kompyuta nzima, kwa sababu sura yote ile ilizungumzia kompyuta. Mimi nilishikilia kwamba ni la kadi, kwa sababu ukurasa uliotangulia ulizungumzia kadi. Tulibishana chai ya saa nne, tukabishana chakula cha mchana. Mkubwa wetu wa timu, mama mmoja wa maneno machache, alitusikiliza mpaka akamaliza chapati yake. Kisha akasema nimletee jibu mimi, maana ndimi niliyekuwa kwenye majaribio na ndimi niliyepiga kelele zaidi.

Jumamosi nikaenda Gatwekera na laptopu mgongoni, nikiamini kwamba uji wa mama una majibu. Njia ya barabarani ilikuwa imechimbwa mtaro ikageuka tope, kwa hiyo nilizunguka nikaingilia upande wa bomba. Nilimkuta mama ameketi nje kwenye kiti chake cha plastiki, anakunywa uji wake mwenyewe kwa utulivu, na nyumba yake haina paa.

"Mama, paa liko wapi?"

"Muulize huyo."

Juu ya ukuta, miguu huku na huku kama mtu aliyepanda punda, alikuwa fundi na nyundo yake. Mabati ya mama yalikuwa yamepangwa chini vizuri, mazima, hata kutu hayakuwa nayo ya kuzungumzia. Ndani, kitanda, makabati na picha ya baba vyote vilikuwa vikitazama mawingu.

"Madam, mimi nimetumwa," fundi akasema kabla sijafungua kinywa. "Niliambiwa kuna keja inavuja, mlango wa saba, nitoe mabati kabla mvua ianze. Nimehesabu saba. Ni hii."

"Ya mama haivuji."

"Hata mimi nilishangaa. Nikasema hawa watu wanajiweza."

Keateka akaitwa. Alikuja akipangusa mikono, akatazama paa lisilokuwepo, akashika kichwa. "Wee fundi, saba nimekwambia ni ya mama omena! Ile kule!" Akaonyesha mlango mwingine, milango kadhaa kuelekea bombani, ambako mama mmoja wa kutoka Ziwani, muuza dagaa wa omena, alikuwa amesimama na beseni lake la kukingia maji ya paa.

"Hiyo ni ya nne," fundi akasema. "Nimepita hapo nikihesabu."

"Ya nne aje? Umeingilia wapi?"

"Kwa mfereji, hapo kwa bomba. Huko barabarani si kumechimbwa?"

"Unahesabu kutoka barabarani, bwana! Mwenye ploti akija anapaki wapi? Kwa mfereji?"

Hapo ploti nzima ikaanza kuhesabu. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Wanawake walihesabu kutoka bombani, kila mmoja kwa kidole, kwa sababu ndiko wanakotoka kila asubuhi na mitungi ya maji kichwani, na mlango wako ni ule unaoufikia shingo ikiwa imechoka kiasi fulani. Wanaume wanaorudi kutoka kwenye vibarua jioni walihesabu kutoka barabarani. Keateka alihesabu kama anavyohesabu mwenye ploti. Watu walikuwa wameishi pale miaka, wakiazimana chumvi na kulea watoto pamoja, na kumbe nusu yao walikuwa wakiishi kwenye milango ambayo nusu nyingine haiijui. Haikuwa imeleta shida hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyetumia namba. Mtu akitaka kwa mama, aliuliza kwa mama uji.

Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka fundi akadhani namcheka yeye akaanza kujitetea. Nilikuwa namwona mwenzangu wa meza ya pili amesimama barabarani na Zaburi yake, na mimi bombani na ya kwangu, kila mmoja akihesabu kwa uaminifu kabisa.

Mama omena peke yake hakuwa akihesabu. Alikuwa ameweka beseni chini.

"Kwa hivyo Mama Uji hapa pia ni saba?" akauliza.

"Ni saba tangu nihamie," mama akasema.

"Ngoja kwanza. Kuna mtu alikujanga kwangu." Alikuwa akiongea polepole, kama anayetafuta kitu chini ya kitanda. "Nilikuwa nimehamia tu, hata sufuria sijatoa kwa gunia. Simjui mtu. Akabisha, akauliza kama hapa ni kwa mamake. Nikamwambia hapana, hapa ni kwangu. Akaniuliza, kwani hii si ya saba? Nikamwambia ni ya saba, kwa sababu keateka alinipatia funguo akisema ya saba. Akasimama hapo. Akasema sawa, akaenda."

Hakuna aliyekuwa akihesabu tena.

"Alikuwa amebeba nini?" mama akauliza.

"Jogoo."

Kwetu, mtu aliyekosana na mamake harudi mikono mitupu, na hawezi kurudi na mkate. Anarudi na jogoo. Mama omena si wa kwetu, hakujua amesema nini. Mama alisimama, akataka kuweka kikombe chake kwenye kiti, akakikosa, uji ukamwagikia viatu vyangu.

"Wa rangi gani?"

"Nyekundu. Mkubwa. Alinidonoa hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono.

"Alikuja," mama akasema, si kwa yeyote. "Alikuja."

Mimi huwa nalia nikikasirika, na nililia pale mbele ya fundi na mabati yake. Nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya sahani zote nilizozibamiza. "Kwa nini hakuuliza?" nikasema. "Angeuliza mlango wa pili tu! Ploti nzima inakujua!"

"Angeuliza nini?" mama akasema. "Nionyesheni mama yangu aliyenifukuza? Mtu mwenye aibu haulizi, mama. Anahesabu."

Fundi alirudisha mabati huku keateka akimshikia misumari, na hakuna aliyekumbuka kugombana. Mama alimketisha mama omena kwenye kile kiti cha plastiki na kumhoji kama polisi. Alikuwa amekonda? Si sana. Amevaa nini? Koti la kazi. Mikono yake? Hapo mama omena akakumbuka: mikono ilikuwa na rangi ya silva, ile wanayopaka milango ya chuma, imeingia hadi kwenye kucha. Alisema anakwenda wapi? Aliuliza njia ya mkato ya kurudi Kawangware kwa miguu, kwa sababu jogoo hakuwa amefungwa na makanga wa matatu walikuwa wamemkataa.

Kawangware. Gatina iko ndani ya Kawangware. Mimi, ninayelipwa mshahara kwa ajili ya kutafuta vitu vilivyokaa mahali visipodhaniwa, nilikuwa nikinunua sukuma wiki mtaa mmoja na kaka yangu.

Jumatatu sikumpelekea mkubwa wangu jibu kutoka kitabuni. Nilimwambia tuache kukisoma kitabu tuiulize kadi. Kadi hizi zina njia ya kuharibiwa chumba kimoja kwa makusudi, kwa ajili ya majaribio. Tukachomeka kadi kwenye nafasi ya pili ya foleni, tukaharibu chumba tunachokijua, tukaona itatoa taarifa gani. Kadi ya watengenezaji wa kwanza ilihesabu kutoka mwanzo wake yenyewe. Nikamtazama mwenzangu kwa jicho la ushindi. Kisha tukachomeka kadi ya watengenezaji wengine, na hiyo ikahesabu kutoka kichwa cha foleni nzima, na ikawa zamu yake kunitazama.

"Kwa hiyo nani amefuata speki?" akauliza.

"Wote," nikasema. "Kila mtu amehesabu kutoka anakoingilia."

Nikawasimulia habari ya paa. Niliacha ile ya jogoo, hiyo ilikuwa yetu. Mkubwa wangu alicheka kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, kisha akauliza swali la mkubwa: basi tufanye nini? Tulichofanya ni kidogo sana. Programu ikiamka, kabla ya kupokea taarifa yoyote, kwanza inaitambua kadi na kujua kwamba yenyewe huanza kuhesabia wapi. Baada ya hapo hakuna anwani inayotembea peke yake humo ndani. Kila anwani inatembea na mwanzo wake, popote inapokwenda. Tuliwaandikia pia wenye kitabu, kwa adabu, wakasema watalijadili, na naamini mpaka leo wanalijadili. Mimi nilitolewa kwenye majaribio nikapewa kiti cha ofisi, kile cha kuzunguka.

Wiki hiyo hiyo mama akatangaza kwamba anahama. Niliposhangaa, alinitazama kama anavyomtazama mteja anayeuliza kama uji ni moto.

"Nilikuwa namngoja aje. Ameshakuja. Nangoja nini tena hapa?"

Nikamwambia nitachukua likizo nizunguke karakana zote za milango ya chuma, Kawangware nzima, mpaka nimpate. Akakataa katakata.

"Ukimtafuta atajificha. Alishabisha mlango akaambiwa hapana. Hiyo moja inamtosha. Wewe mpe njia, aje kwa miguu yake."

"Njia tulishampa."

"Tulimpa namba," mama akasema.

Basi akahamia Gatina na sufuria zake, na kabla ya kujua choo kiko wapi alikuwa ameshapata kona ya kuuzia uji, karibu na pale mafundi wa chuma wanapopanga milango na madirisha kando ya njia. Walimpenda upesi. Moto na vumbi la chuma hukausha koo, na uji wa mama wa wimbi wenye ndimu unajulikana. Kila aliyeinua kikombe alipewa na ujumbe. Mama alikuwa na mwana, fundi wa milango ya aina hii, mrefu, hupenda kusimama kwa mguu mmoja. Ukikutana naye, usimwambie mama yuko wapi. Mlete mpaka kwa huyu muuza mitumba. Muuza mitumba ameshaambiwa, atamleta mpaka kwa wale wa bodaboda. Wa bodaboda wanajua. Huko Gatwekera nako alimwachia mama omena maagizo kama hayo, pamoja na kiti cha plastiki. Hakutaja namba hata mahali pamoja, ingawa mlango wetu unayo, imepakwa kwa rangi nyeupe, kubwa.

Alinichekesha sana miezi ile. Mtu wa kuleta mizigo akinipigia kuniuliza niko nyumba namba ngapi, mama alininyang'anya simu. "Wewe uko wapi kwanza? Unaona nini mbele yako? Haya. Geuka. Sasa unaona nini?" Kijana anayeleta gesi alizoea mpaka akawa anaanza yeye: "Sasa mathe, niko hapa kwa kinyozi, nimeangalia kanisa." Sikumwambia mama kwamba ndivyo programu yangu inavyofanya siku hizi, maana angedai alinifundisha, na angekuwa hakukosea sana.

Lakini baadhi ya asubuhi nilimwona akikoroga uji huku akitazama mikono ya wateja badala ya nyuso zao. Aliogopa. Aliniambia mwenyewe kwamba anaogopa, kwamba labda kaka ameshahama Kawangware, kwamba ile "hapana" ya mtu asiyemjua imekaa moyoni mwa mwanawe muda mrefu kupita "ndiyo" yake yeye. Nikamsaidia kuosha vikombe.

Ilikuwa alasiri ya baridi, Jumapili, mama ametoka kanisani. Mama anachekecha unga sakafuni, mimi nimejifunika blanketi na laptopu. Mlango ukabishwa. Nikafungua, nikamwona yule mwendeshaji bodaboda mnene wa pale kona, amevaa kofia yake ya chuma, ameshika kifundo cha mkono cha mtu kama askari aliyekamata mwizi wa kuku. Na kuku alikuwepo.

"Mathe," akaita kunipita begani, "nimekuletea. Alitaka nimwelekeze tu ajitafutie. Nikakataa."

Kaka alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Alinitazama mimi, kisha akatazama chini. Kucha zake zilikuwa za silva. Nilikuwa nimetayarisha hotuba kwa miaka, nzuri sana, yenye sehemu za kufokea, na haikuja hata herufi. Mama alikuja nyuma yangu, unga hadi viwikoni. Alimtazama jogoo kwanza.

"Yule wa kwanza ulimpeleka wapi?"

"Nilimla," kaka akasema.

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Hata firigisi?"

"Hata firigisi, mama."

Mwendeshaji bodaboda akaona ni busara aachilie mkono. Mama alijipangusa unga kwenye leso, kidole kimoja kimoja, na nilimjua: alikuwa akitafuta lile neno ambalo halimo kinywani mwake.

"Uliingilia upande gani?" akauliza.

"Upande wa barabara."

"Mimi huhesabu kutoka bombani," mama akasema. "Ningekwambia. Nilifaa kukwambia."

Kaka aliitikia kwa kichwa, lakini hakusogea. Alikuwa akitazama kizingiti. Mama akakitazama pia, akakumbuka, nikaona amekumbuka. Akasogea kando, akaushikilia mlango kwa mkono mweupe wa unga.

"Kanyaga," akamwambia.